Mshipi wa Baba Mkwe

Jumapili, 2 Machi

Mke wangu amechoka kunisikiliza. Amesema kila hofu niliyo nayo niiandike kwenye daftari hili, yeye alale. Ni muuguzi, anashinda na wagonjwa wa kweli, na akirudi nyumbani hataki mgonjwa wa kujitakia. Haya, naandika.

Mimi ni fundi cherehani na ni mwoga. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa ngazi isiyo na pa kushika, na kuliko vyote naogopa maji. Sijui kuogelea. Bwawa liko chini ya mtaa wetu, unaliona lote kutoka dirisha la chumba changu cha kushonea, na miaka yote niliyokaa hapa nimeliwekea pazia.

Leo baba mkwe amehamia kwetu. Alikuwa dereva wa malori mpaka kiharusi kilipompata mwaka jana. Mkono wa kushoto umebaki, lakini vidole havifumbati, na sikio la upande wa dirisha la lori liliharibika zamani kwa kelele za barabarani. Amekuja na mfuko mmoja wa nguo na ufito wa kuvulia samaki, ameuviringisha kwenye shuka. Nilipouona ule ufito nikaenda kuhakikisha pazia limefungwa.

Mke wangu akanivuta jikoni. "Baba akienda bwawani, unakwenda naye."

"Mimi?"

"Unataka niache kazi niende mimi? Ndiye mzazi pekee niliyebaki naye. Asiende majini peke yake."

"Basi mwambie asiende kabisa."

"Mwambie wewe."

Hapo aliniweza. Mtu hamwambii baba mkwe asiende mahali. Mtu hata hamwambii baba mkwe kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka. Unainama, unamfungia.

Jumatano, 5 Machi

Samaki anayetafutwa ni wa aina moja tu, yule tunayemwita Mdomo, kwa sababu akifungua kinywa unaweza kutia ngumi. Anajificha kwenye miti iliyozama siku bwawa lilipojazwa, na chochote kinachopita mbele yake, chura, panya, samaki mwenzake, anakibugia. Baba mkwe anamzungumzia kama mtu aliyewahi kupigana naye.

"Mkwe," aliniambia asubuhi, "wewe ni fundi. Uzi unaujua. Nenda kanichagulie mshipi."

Nikaenda kwa Kidevu, muuza vifaa vya uvuvi. Hana kidevu, ndiyo maana anaitwa hivyo. Alinitandikia mishipi ya aina tatu. Wa kwanza nailoni ya kawaida: laini, inavutika, inaelea, haina makuu. Wa pili wenyewe wanauita kioo: unazama, na ukishaingia majini samaki hauoni, ila ni mgumu kidogo na fundo lake linataka mate na subira. Wa tatu ni wa kusuka, nyuzi nyembamba nyingi zimesokotwa pamoja, hauvutiki hata kidogo na kukatika ni nadra.

"Maji sasa hivi ni meupe," Kidevu alisema, "na Mdomo ana macho. Mpe mzee kioo. Mvua zikichafua maji, rudi tuzungumze mengine."

Niliupitisha kwenye kucha na kwenye meno kama ninavyofanya na uzi wa suruali, nikaununua. Baba mkwe aliunyoosha kwenye mwanga, akasema, "Hapo sawa." Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu. Jinga mimi. Nilisahau kwamba mshipi ukiwa mzuri, safari ipo.

Jumamosi, 8 Machi

Safari ilikuwapo.

Tulikodi mashua ndogo ya mbao. Mimi nilivaa sweta, juu yake koti la mvua, juu yake koti la kuelea. Baba mkwe la kwake alilikalia. "Linabana mkono," alisema. Nilitaka kumwambia alivae. Nikasema, "Baba, leo naona kuna kaupepo."

"Kazuri," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mimi ndiye mpiga makasia, na nilipiga nikitazama chini ya mashua, ambako palikuwa na maji kidogo, nikawa nayachunguza kama yanaongezeka. Kila baba mkwe akirusha chambo mashua inainama upande wake, na moyo wangu unainama nayo. Naye anaimba! Nyumbani mtu huyu haongei, anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Majini anaimba nyimbo za madereva, nyingine si za kuimbwa mbele ya mkwe.

Hatukupata kitu. Namshukuru Mungu.

Jumapili, 9 Machi

Nimeota nazama kwenye beseni.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ya kwanza. Nimeshona sare za shule.

Jumamosi, 15 Machi

Tumekwenda tena. Tumepata wadogo wawili, tumewarudisha majini. Leo niliweza kuinua macho, na nikaona jambo ambalo ingekuwa heri nisingeliona: kule mwisho wa bwawa kuna milango mikubwa ya chuma. Msimamizi wake tunamwita King'ora. Bwawa likijaa kupita kiasi, anapuliza king'ora, anangoja watu watoke, kisha anafungua, na maji yote yanavutwa kule. Kikilia, mwenye mashua hatazami nyuma.

"Baba," nikasema, "ile milango nayo iko karibu kidogo."

"Mkwe, nimepita barabara za majambazi na mzigo wa sukari. Milango ni nini?"

Nilijikaza kisabuni. Nikapiga kasia.

Jumanne, 18 Machi

Mvua.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Maji ya bwawa yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Nimefunga pazia, kisha nimefungua kuchungulia, kisha nimefunga.

Jumamosi, 22 Machi

Mdomo alikuja. Nilimwona kwa macho yangu: aliruka nje ya maji na kinywa wazi, akatikisa kichwa, akazama. Baba mkwe alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Samaki akakimbilia kwenye miti, mshipi ukasuguana na gogo, ukakatika.

Baba mkwe alikunja mshipi mtupu mpaka ukingoni. Aliposhuka ndipo akasema, taratibu, "Fundi. Uzi gani huu?"

Hakuniita mkwe. Aliniita fundi, kwa sauti ile ya mteja aliyechanikiwa na suruali harusini. Sikupata pa kuuweka uso wangu.

Jumatatu, 24 Machi

Nimerudi kwa Kidevu. "Sasa maji ni matope," akasema, "samaki haoni hata mkia wake. Na yuko kwenye miti. Hapo ni wa kusuka tu."

Alifunga ncha moja kwenye mguu wa meza akaniambia nivute. Nilivuta mpaka meza ikanifuata, na Kidevu akacheka mpaka akakaa chini. Nikauchukua mnene kuliko yote aliyokuwa nayo, wa kijani. Nilitembea kurudi nyumbani kifua mbele. Nikasema leo nimempelekea mzee uzi ambao hatanisimanga nao.

Jumamosi, 29 Machi

Mungu wangu, nimefanya nini.

Ni hivi. Ukivua Mdomo, mkono mmoja unashika ufito na mwingine unazungusha gurudumu la mshipi. Baba mkwe ana mkono mmoja na nusu. Siku zote gurudumu alilizungusha kwa kulia na ufito akaubana kwapani, na kwa mishipi ile miembamba ilitosha. Leo samaki wa wastani alipovuta, nikamwona anafanya jambo lingine: aliudaka mshipi kwa mbele kwa kifundo cha mkono wa kushoto, akauzungusha mara mbili tatu kwenye mkono huohuo, akavuta kwa bega. Vidole havishiki, basi mkono mzima umekuwa ndoana. Samaki aliingia. Baba mkwe aliucheka mkono wake kama mtu aliyemkuta rafiki wa zamani. Mimi niliona alama nyekundu kwenye ngozi.

"Baba, mkono hautaumia?"

"Mkono huu? Hausikii kitu."

Ndilo hasa ninaloliogopa. Samaki mkubwa akija na mshipi umezungushwa mkononi, mshipi haukatiki. Sasa kitakwenda nini? Mkono utakwenda, au mzee mwenyewe atakwenda, na koti la kuelea amelikalia.

Nimekaa mbele ya cherehani bila kushona. Kitu hiki nilifundishwa siku ya kwanza ya ufundi, na nimewafundisha wengine: uzi usiwe na nguvu kuliko nguo. Mtu akikwama mahali, mshono uachie, ushonwe tena. Ukitumia uzi wa chuma kwenye kitambaa chepesi, mshono utabaki na nguo itachanika. Nalijua hilo kama jina langu. Nikaenda dukani, nikavuta meza, nikasahau, kwa sababu mzee aliniita fundi kwa sauti mbaya.

Mke wangu ameniuliza mbona sili. Nimesema jino. Nikimwambia ataniuliza kwa nini sikumkataza baba.

Jumatano, 2 Aprili

Nimepata njia. Kidevu anasema wavuvi wengi hufunga kipande cha mshipi mwingine kati ya wa kusuka na ndoana. Nimenunua nailoni dhaifu kuliko zote, ile ya kuvulia vidagaa, nimefunga kipande cha urefu wa mkono. Samaki mkubwa akivuta, hapo patakatika, mzee atabaki.

Nikamwambia, "Baba, samaki anauogopa huu wa kijani. Hiki kitamdanganya."

"Kwenye matope haya?"

"Wanasema ana macho makali."

Akanitazama kwa jicho la pembeni, akasema haya. Nimempaka baba mkwe mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini leo nitalala.

Jumamosi, 5 Aprili

Mdomo alikuja tena, huenda ni yuleyule. Baba mkwe alizungusha mshipi mkononi, mimi nikashika mbao za mashua pande zote mbili nikafumba macho. Pu! Ukakatika. Nilitoa pumzi kwa sauti, na nadhani alinisikia.

Aliivuta ile ncha, akaikaribisha machoni, akaigeuzageuza. Hakuimba tena.

Jumatatu, 7 Aprili

Amekikata kile kipande. Nimemkuta uani amefunga ndoana moja kwa moja kwenye mshipi wa kusuka, fundo amelikaza kwa meno kwa sababu vidole havisaidii.

"Samaki haogopi mshipi, mkwe," alisema bila kuinua kichwa. "Anayeogopa ni mwingine."

Nilisimama pale kama mwizi aliyekutwa na kuku. Sikuomba radhi wala sikumkataza. Nilisema, "Ndiyo, Baba," nikaingia ndani.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua mchana kutwa. Bwawa limefika kwenye mzizi wa ule mti ambapo watu hufunga mashua.

Jumatatu, 14 Aprili

Jana nusura tufe.

Tulikuwa kwenye miti iliyozama, mbali na ukingo. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi hiyo tu. Nikasikia king'ora. Nilikisikia vizuri sana. Baba mkwe hakukisikia, maana sikio bovu lilikuwa upande ule na mwenyewe alikuwa anaimba.

Sasa usome ujinga wangu, daftari. Mtu mzima nimesikia king'ora cha milango, niko ndani ya mashua, sijui kuogelea, na maneno yaliyonitoka kinywani ni haya: "Baba, naona kama muda umekwenda."

"Muda upi? Jua lenyewe halijapanda."

"Labda hata chakula nyumbani kimeiva."

"Una njaa?"

"Kidogo, Baba."

"Kuna mkate kwenye mfuko."

Nikala mkate. Naapa nilikula mkate. King'ora kinalia na mimi natafuna, natafuta namna ya kumwambia baba mkwe kwamba amekosea bila kumwambia kwamba amekosea. Kikanyamaza, na mkate bado uko shavuni. Wazee wangu walinifundisha adabu na niliishika yote, ila sikumbuki kama kuna aliyeniambia inaishia wapi.

Nikaumeza, nikapiga moyo konde, nikafungua kinywa kusema kweli. Ufito ukapinda.

"Huyo!" Akaubana kwapani, akaudaka mshipi kwa mbele, akauzungusha mkononi mara nyingi kuliko siku zote. "Huyo, mkwe! Mzito huyo!"

Hakuwa samaki. Ndoana ilikuwa imenasa kwenye mti chini ya maji. Na wakati huohuo maji yakaanza kwenda. Hayakupiga kelele, yalianza tu kwenda, kuelekea milangoni, nasi tukaenda nayo, mpaka mshipi ulipokaza. Hapo mashua ikasimama kwa mshtuko. Kilichoisimamisha ni mkono wa baba mkwe.

Alianguka magoti, kifua kikagonga ubavu wa mashua, mashua ikalala upande na maji yakaingia. Mshipi ulikuwa umezama kwenye nyama. Niliona damu inashuka kwenye kijani. Nikachukua kisu cha chambo.

"Usikate!"

"Mkono, Baba!"

"Usikate nakwambia! Tazama kule!"

Nikatazama. Milango ilikuwa wazi na sauti yake sasa ilifika, sauti nzito, unaisikia tumboni kabla ya masikioni. Nikikata, tunakwenda kule. Nisipokata, mkono unakwenda, au mashua inapinduka. Mshipi niliouogopa majuma yote hayo ndio uliotushika, nao ulikuwa unamkata mzee huku unatushika.

Baba mkwe akajaribu kusimama ili avute. Mashua ikazidi kulala.

"Lala chini!" nikapiga kelele. "Baba, lala chini na unyamaze! Usisogee!"

Maneno hayo nimeyasema mimi, kwa baba mkwe, kwa sauti ya kufukuza mbuzi. Akalala chini. Akaninyamazia kabisa.

Nilivua koti la kuelea nipate kuvua sweta, nikaizungushia mikono, nikalala juu ya ubavu wa mashua mpaka uso ukagusa maji, nikaushika mshipi mbele ya mkono wake. Nikavuta. Sijui nilivuta kwa nini, kwa woga labda, maana nguvu sina. Ulipolegea kidogo nikauzungusha kwenye chuma cha kupachikia kasia, nikauzungusha tena na tena, na uzito wote ukahamia kwenye chuma. Mashua ikageuka, ikasimama sawa, ikawa inatetemeka tu kwenye mkondo. Ndipo nikamfungua mkono, mzunguko mmoja mmoja.

Nilipunga lile koti la kuelea na kupiga mayowe mpaka sauti ikanikauka. Wakati huo baba mkwe alikuwa amelaza kichwa kwenye goti langu, ameushika mkono wa kushoto kwa wa kulia. Sikujua kama King'ora atatuona. Sikujua kama ule mti chini utashika. Nililia, nasema wazi, nililia kwa sauti. Kisha ile sauti nzito ikapungua, ikapungua tena, ikaisha. Alikuwa ametuona.

Hospitali tulimkuta mke wangu yuko zamu. Aliupokea mkono wa baba yake, daktari akaushona. Baadaye akanitoa nje, kwenye korido.

"King'ora hamkukisikia?"

"Nilikisikia."

"Ukafanya nini?"

"Nikala mkate."

Akarudi kwa baba yake.

Jumatano, 16 Aprili

Mke wangu ametoa hukumu mezani: hakuna bwawa tena. Nilidhani mzee atapinga. Alisema, "Sawa, mwanangu." Ufito uko chini ya kitanda. Mimi nimepata nilichokuwa nakiomba tangu Machi, na sioni raha.

Jumapili, 20 Aprili

Baba mkwe anakaa kwenye kiti cha barazani tangu chai mpaka jioni. Chakula anakigusa tu. Jua limewaka leo, nimefungua pazia nipate mwanga wa kutunga uzi. Nimemwona ameligeuzia bwawa mgongo.

Jumapili, 27 Aprili

Mchana nilimpelekea chai. Akaniambia nikae.

"Unaniogopa, mkwe?"

Nilitaka kusema la, hasha. "Ndiyo, Baba."

"Na maji?"

"Sana. Tangu utotoni."

"Najua. Siku ya kwanza ulivaa nguo zote ulizo nazo." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha. "Ningekuambia ubaki nyumbani. Lakini ningeenda na nani?"

Akaunyoosha mkono wa kulia, ule mzima, akaufumba, akaufumbua.

"Ninapoamka, kabla sijafungua macho, nafanya hivi. Naangalia kama na huu umekwenda. Nikikaa hapa nafanya hivi kutwa. Unaona? Sasa hivi nafanya. Ninaogopa, mkwe. Nimeendesha magari kwenye milima usiku wa giza sikuogopa hivi. Kule majini nasahau kuufumba."

Tangu Machi nimekuwa nikimwona ni mtu jeuri asiyejua hofu ni nini, anayetaka kuniua pamoja naye. Kumbe tulikuwa waoga wawili kwenye mashua moja, na mmoja wetu anaimba.

Chai ilipoa. Aliendelea kufumba na kufumbua.

Jumamosi, 3 Mei

Nimesema na mke wangu. Nimesema moja kwa moja, bila kuzunguka.

"Nataka kumrudisha baba bwawani."

"Umeisahau ile damu?"

"Sijaisahau."

"Wewe? Wewe unayeogopa beseni?"

"Mimi. Anakufa kwenye kile kiti, mke wangu, na sisi tunamtazama."

Alilia. Alisema akinipoteza mimi na yeye siku moja, atanifufua aniue kwa mkono wake. Kisha, kwa kuwa ni muuguzi, akatoa masharti: avae koti la kuelea mwilini, twende mbali na milango, tusitoke siku bwawa limejaa, na mshipi usizungushwe mkononi hata kidogo.

"Nani atamwambia?" aliuliza.

"Nitamwambia mimi."

Nilimwambia. Yote, la koti pia. Baba mkwe akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mkono wa kushoto nitautoa wapi?"

"Mimi nitakuwa mkono wa kushoto, Baba."

Kidevu alinitandikia mishipi yote. Nilikataa kioo, nikakataa wa kusuka. Nilichukua nailoni ya kawaida, nikafunga ncha kwenye mguu wa meza, nikavuta. Meza haikusogea. Mshipi ulikatika mkononi mwangu. "Huu," nikasema. Kidevu akasema mzee atanitoa roho.

Jumamosi, 10 Mei

Tumetoka leo asubuhi. Bwawa limetulia, milango iko mbali kule kama vifungo vya shati. Mke wangu alitufunga makoti yeye mwenyewe, na alikaza mpaka baba yake akaguna.

Naogopa. Naliandika hili sasa nikiwa nimerudi na bado naogopa. Nilidhani ukishaponea chupuchupu hofu inaisha. Haiishi.

Baba mkwe alirusha chambo kwa mkono wake mzima. Mimi nilikaa ubavuni kwake, bega kwa bega, ufito nimemshikia chini, yeye anazungusha gurudumu. Sijawahi kukaa karibu naye hivyo. Hakuimba mwanzoni. Baadaye akaimba, wimbo ule mbaya kuliko zote, nami nikajifanya sijui maneno.

Mdomo alikuja mbele ya miti. Aliruka, nikamwona tumbo lake lote, mkubwa, Mungu wangu, mkubwa kuliko wa Machi. Ufito ulinivuta mikono yote miwili. Baba mkwe alizungusha, akazungusha, "Shikilia, mkwe, shikilia!", na mashua ikainama, na maji yakanirukia usoni, na nilishikilia. Mkono wake wa kushoto uliinuka wenyewe kuufuata mshipi. Nikasema, "Baba, hapana." Ukarudi ukakaa kwenye goti langu.

Samaki akageukia kwenye miti. Mshipi ukalia, ukakatika.

Mashua ikarudi sawa. Maji yakatulia. Baba mkwe alikuwa amekaa pale pale, mzima, anahema, matone yanamtiririka kwenye nyusi. Niliutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umelala wazi juu ya gurudumu na hakuufumba.

Alivuta ile ncha, akaitazama.

"Huu umeuchagua wewe?"

"Mimi, Baba."

"Mshipi mbovu kabisa."

"Ndiyo, Baba."

Alitazama kule kwenye miti alikoingia samaki. Kisha akanikabidhi ncha.

"Haya," akasema. "Funga ndoana nyingine kwenye huuhuu."